Kioo cha simu kilipokuwa mwenye nyumba

Leo siandiki siasa. Wiki nzima nimeandika siasa gazetini na mkono umechoka. Leo nataka kuandika historia ambayo sijaiona ikiandikwa kwa Kiswahili, nayo ni jinsi Linux ilivyojifunza kukisoma kigeuzi kinachokaa ndani ya chipu. Najua wapo walioshaanza kutafuta mlango wa kutokea. Msitoke kwanza. Humu kuna ugomvi wa nyumba ya kupanga, na kuna swali ambalo sisi watu wa magazeti tunalijua vizuri: nani ana haki ya kuiona namba ghafi kabla haijapikwa?

Nianze na maneno. "Analojia" ni neno ambalo Watanzania wengi tulifundishwa kwa lazima, pale Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam na kila mwenye TV akawa anatafuta king'amuzi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka nyumba nzima inalalamika. Lakini neno lenyewe halina ubaya wowote. Dunia yote ni analojia. Chai ikipoa haishuki ngazi kwa ngazi, inateremka taratibu bila kuruka. Betri ikiisha ni hivyohivyo. Kompyuta haijui kuteremka taratibu, inajua namba tu. Kwa hiyo katikati lazima kiwepo kitu cha kutafsiri, kinachopewa volti na kutoa namba. Hicho ndicho kigeuzi. Kikiwa cha biti 10, namba zake zinaanzia 0 na kuishia 1023. Kikiwa cha biti 12 zinaishia 4095. Basi.

Kazi hii ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Alec Reeves, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipata hataza ya Ufaransa mwaka 1938 kwa wazo la kuipeleka sauti ya simu ikiwa mfululizo wa namba. Mwaka 1954 Bernard Gordon na kampuni ya Epsco ya Marekani walitoa sokoni kigeuzi kilichoitwa DATRAC: biti 11, vipimo 50,000 kwa sekunde, kimejaa valvu za kioo kama redio za babu zetu, kinakula wati 500, na bei yake ilikuwa takriban dola 8,500. Wati 500 ni nusu ya pasi ya umeme. Kwa ajili ya kusoma volti!

Jinsi DATRAC ilivyofanya kazi ni jambo ambalo mwenye duka yeyote wa zamani angelielewa. Una mizani na mawe ya kupimia. Unaweka jiwe kubwa kwanza. Likizidi mzigo unalitoa, lisipozidi unaliacha, halafu unaongeza jiwe lenye nusu ya uzito wa lile, unauliza tena, mpaka jiwe dogo la mwisho. Mtaliano Tartaglia aliandika juu ya mawe ya namna hiyo mwaka 1556: ratili 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kigeuzi cha biti 11 kinauliza maswali kumi na moja, jiwe kubwa mpaka dogo, na majibu yake ya ndiyo na hapana ndiyo namba yenyewe. Vigeuzi vingi vilivyomo kwenye chipu za leo bado vinapima hivyo.

Miaka ya 1980 kigeuzi kilikuwa kimeshahamia ndani ya chipu. Motorola 68HC11, chipu ya miaka hiyo iliyotumika sana katika mitambo na magari, ilikuwa na kigeuzi cha biti 8 chenye njia 8. Na hapa naomba tuelewane, kwa sababu ugomvi wote unaokuja unaanzia hapa. Njia 8 si vigeuzi 8. Kigeuzi ni kimoja, na mbele yake kuna swichi inayochagua ni pini ipi isikilizwe sasa. Ni kama nyumba ya kupanga ya Manzese yenye vyumba vinane na bomba moja uani.

Kwenye chipu ndogo kama hizo hapakuwa na tatizo. Programu ilikuwa moja, imeandikwa na mtu mmoja au timu moja, na yeyote aliyekuwa akiandika alijua nani anachota maji saa ngapi. Arduino iliyoanza Italia mwaka 2005 ilirahisisha jambo hili mpaka mwanafunzi wa sekondari anaweza: unaandika analogRead, unapata namba. Humwombi mtu ruhusa, kwa kuwa ndani ya nyumba umo peke yako.

Linux ni habari nyingine. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za mezani, na chipu za kompyuta hizo hazikuwa na kigeuzi cha kuwapa watumiaji. Hakuna aliyewaza. Baadaye Linux ikaingia kwenye vifaa vya mkononi, kwenye chipu ambazo kila kitu kimebanwa mahali pamoja: kichakato, kidhibiti cha kumbukumbu, saa, na kigeuzi. Mfumo endeshi una kanuni moja ambayo haivunjwi. Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa vifaa moja kwa moja, lazima zipitie kwa draiva. (Vitabu vinasema "kiendeshi". Mafundi wa Kariakoo wanasema draiva, nami nafuata mafundi.) Draiva ndiye anayejua rejista zipi ziandikwe nini. Sasa swali: draiva ya kigeuzi ikae wapi, na amilikiwe na nani?

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna draiva ya kigeuzi. Kulikuwa na draiva ya kioo.

Wale waliotumia simu za kupangusa za mwanzo, zile ambazo kioo lazima ukibonyeze kwa kucha au kwa kijiti, wanakumbuka. Kioo kile kilikuwa tabaka mbili zenye kupitisha umeme. Ukibonyeza zinagusana. Chipu inaweka volti kwenye tabaka moja na kupima kwenye nyingine, inapata umbali wa kulia na kushoto. Inageuza, inaweka kwenye ile nyingine, inapata juu na chini. Kwa maneno mengine kidole chako kilikuwa kinasomwa kama volti mbili, na anayesoma ni kigeuzi. Watengenezaji wa chipu wakaona busara kukijenga kigeuzi na waya za kioo pamoja, na waliokuja kuandika draiva wakaandika draiva moja inayokamata rejista zote za kigeuzi, inasoma kidole, na imemaliza. Kioo kikawa mwenye nyumba.

Chukua Samsung S3C2410. Ilikuwa chipu maarufu sana miaka ya 2000. HP waliitumia kwenye iPAQ h1940, na mradi wa Openmoko waliitumia kwenye Neo 1973, simu iliyotolewa mwaka 2007 kwa nia ya kuwa simu huria tangu programu ya chini kabisa. Ilikuwa na kigeuzi cha biti 10 chenye njia 8, na baadhi ya njia hizo zilikuwa za kioo. Zilizobaki zilikuwa wazi. Unaweza kuunga waya wa betri pale, au kihisi cha joto, au chochote. Kwa upande wa umeme hakuna tatizo. Kwa upande wa programu ulikuwa umefika kwenye mlango uliofungwa na mwenye ufunguo amelala, kwa sababu rejista zimekamatwa na draiva ya kioo, na draiva ya kioo haijui habari za betri.

Ungeweza kulazimisha. Lakini fikiria kinachotokea. Kioo kimeomba umbali wa kulia na kushoto. Kabla kigeuzi hakijamaliza, mtu wa betri anageuza swichi kwenda njia yake. Namba inayotoka ni ya betri, na kioo kinaipokea kana kwamba ni kidole. Umebonyeza "hapana" na simu imesikia "ndiyo". Hakuna kosa linaloonyeshwa popote, namba zote ni halali, ila si za mwenyewe.

Mwaka 2008 Ben Dooks wa kampuni ya Simtec Electronics ya Uingereza aliandika faili dogo la kutatua hilo kwa chipu za Samsung. Mimi nimelisoma, na mwanzo wake unasomeka kama masharti ya kupanga. Kigeuzi sasa kina msimamizi wake. Kila draiva inayotaka kupima inajiandikisha kama mteja. Kioo kinapewa kipaumbele, lakini kwa kuwa kioo chenyewe hakiombi kila mara, wengine hawatakufa njaa. Wanahudumiwa kwa jinsi walivyofika. Wengine hao wanatajwa kwa mfano: draiva ya kufuatilia hali ya mashine.

Naomba msomaji usiipite haraka. Kabla ya hapo kigeuzi kilikuwa mali ya kioo. Baada ya hapo kilikuwa bomba la uani lenye foleni, ingawa mwenye nyumba bado anaruhusiwa kupita mbele. Hilo ndilo badiliko kubwa, na lilifanywa na mtu mmoja kwa ajili ya familia moja ya chipu.

Na hapo ndipo penye kasoro yake. Familia moja. Mwaka huohuo 2008 Atmel nao walileta draiva ya kigeuzi cha AT91SAM9RL yao, wakaiweka kwenye saraka ya vioo vya kugusa, na jina lenyewe liliunganisha kioo na kigeuzi kwa herufi: atmel_tsadcc. Tatizo lilelile, limeandikwa upya, mwenye nyumba yuleyule. Kila kampuni ya chipu ilikuwa inajenga uani wake na kutunga masharti yake. Ukiandika programu ya kusoma betri kwenye chipu ya Samsung, kwenye Atmel unaanza moja.

Wengine walitafuta hifadhi kwa jirani. Ndani ya Linux kulikuwa na idara inayoitwa hwmon, iliyotokana na mradi wa lm-sensors ulioanza mwaka 1998, na kazi yake ni kuangalia afya ya mashine: feni inazunguka kiasi gani, kichakato kina joto gani, volti ziko sawa. Vigeuzi kadhaa viliingizwa humo kwa sababu, kwa kweli, vinasoma volti. Kulikuwa na idara nyingine ya input, ya kibodi na panya na vioo. Kigeuzi kilichokusudiwa kupima unyevu wa udongo wa bustani hakihusiki na afya ya mashine, wala si kidole cha mtu. Hakikuwa na idara. Na kwenye kiini cha Linux, kama ilivyo serikalini, usipokuwa na idara faili lako halitembei.

Mtu aliyeamua kuianzisha idara hiyo ni Jonathan Cameron, wakati ule akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 2008 alipendekeza mfumo aliouita Industrial I/O, kwa kifupi IIO. Jina linadanganya kidogo, maana ukilisikia unawaza viwanda na mitambo mizito. Yeye alikuwa na vihisi vidogo mezani, vya mwendo na vya mwanga, pamoja na vigeuzi vya kukaa nje ya chipu kuu. Hoja yake ilikuwa kwamba kati ya hwmon na input kuna pengo. Hwmon ni ya kupima polepole kwa ajili ya mashine yenyewe. Input ni ya binadamu anayegusa. Vipi kuhusu kifaa kinachopima dunia ya nje, pengine mara elfu kwa sekunde, na hakijui nani atazitumia namba zake?

Majibu hayakuwa vigelegele. Watunzaji wa kiini wana kawaida ya kuuliza swali la kuudhi: kwa nini usitumie kilichopo? Ni swali zuri hata kama linaudhi. Kila idara mpya ni ahadi ya kuitunza miaka na miaka. Kwa hiyo IIO haikuingia kwa mlango wa mbele. Ilipelekwa uwanja wa majaribio, saraka iitwayo staging ambayo Greg Kroah-Hartman aliianzisha mwaka 2008 kwa ajili ya msimbo ambao haujakomaa, na ikatoka na toleo 2.6.32 Desemba 2009.

Ilikaa pale zaidi ya miaka miwili. Na mimi naona ile miaka ndiyo iliyoiokoa. Kwenye uwanja wa majaribio unaruhusiwa kubadilisha mawazo. Kinachobadilishwa kwa urahisi kuliko vyote ni majina, na majina ndiyo yalikuwa kazi ngumu. Linux ina sheria ambayo Torvalds huwa anaitetea kwa ukali unaojulikana: ukishawapa watumiaji kitu, usikivunje. Jina la faili ambalo programu ya mtu inalisoma leo lazima lisomeke miaka kumi ijayo. Mwanzoni njia ya kwanza ya kigeuzi ilikuwa na faili lenye jina fupi, in0_raw. In ya nini? Ya volti? Ya mkondo wa umeme? Wakalibadilisha likawa in_voltage0_raw, na programu zote zilizolitegemea lile la zamani zikalazimika kufuata. Uwanjani ruksa. Nje ya uwanja ingekuwa kashfa.

Hilo neno raw mwishoni ndilo lililonivuta mimi kwenye habari hii. Maana yake ni namba ghafi, kama ilivyotoka kwenye kigeuzi, haijapikwa. Pembeni yake kuna faili la pili, in_voltage_scale, lenye kizidisho. Ukizidisha unapata milivolti. Kama kuna kitu cha kujumlisha kwanza, kinakaa kwenye faili la tatu la offset. Draiva haikupi jibu peke yake ikakuficha hesabu. Inakupa namba na inakupa njia ya kuisoma, wewe unazidisha mwenyewe, na ukimshuku mtu unaweza kurudi kwenye namba ghafi. Nimefanya kazi na takwimu za ofisi za umma za kutosha kujua kwamba hili si jambo dogo.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa sababu bila mfano haya ni maneno. Rafiki yangu mmoja, fundi wa sola huko Mbezi, ana BeagleBone, kibao kidogo cha kompyuta kilichotoka mwaka 2011. Chipu yake ni AM335x ya Texas Instruments, na ndani kuna kigeuzi cha biti 12 chenye njia 8, saba kati yake zikiwa zimetolewa nje kwa mtumiaji. Alitaka kujua betri ya sola imejaa kiasi gani. Kigeuzi hicho hakistahimili zaidi ya volti 1.8, na betri ni ya volti 12, kwa hiyo akagawa umeme kwa rizista mbili, ya kilo-omu 100 na ya kilo-omu 10, ili kigeuzi kione sehemu moja ya kumi na moja. Faili la ghafi likasema 2606. Namba 2606 peke yake ni kelele. Faili la kizidisho likasema 0.439453125, ambayo si ya ajabu, ni milivolti 1800 kugawa kwa 4096. Zidisha: milivolti 1145. Mara 11: volti 12.6. Betri imejaa. Akachukua mita ya mkononi, akakuta hivyohivyo, akaondoka zake. Mimi ndiye niliyebaki nimekodolea macho.

Maana angalia alichofanya. Hakuandika draiva. Hakusoma kitabu cha rejista cha Texas Instruments chenye maelfu ya kurasa. Alisoma mafaili mawili ya maandishi. Na kibao kingine chenye chipu ya kampuni nyingine kabisa, draiva yake ikiwa ndani ya IIO, kingemwonyesha njia zake kwa utaratibu uleule wa majina.

Kiini cha IIO kilitoka uwanjani na kuingia Linux rasmi mwaka 2012, katika toleo 3.5 la Julai. Mwaka huohuo ndipo hadithi ya vigeuzi vya ndani ya chipu ilipopata kasi. Maxime Ripard wa kampuni ya Free Electrons ya Ufaransa (siku hizi inaitwa Bootlin) aliandika draiva ya IIO kwa vigeuzi vya AT91 za Atmel. Kumbuka Atmel walikuwa na ile draiva ya kioo ya 2008. Sasa kukawa na draiva mbili zinazotazamiana juu ya kifaa cha aina moja. Josh Wu wa Atmel akaongeza uwezo wa kusoma kioo ndani ya draiva ya kigeuzi mwaka 2013, na kufikia 2014 ile ya zamani ikafutwa. Kioo kilikuwa kimehamishiwa nyumba ya kigeuzi, na si kinyume chake.

Texas Instruments walipita njia yao. Kigeuzi cha AM335x kina orodha ya hatua 16: unaandika hatua ya kwanza isome njia ipi, ya pili ipi, kisha chipu yenyewe inazipitia kwa mpangilio. Draiva ya kwanza ilikuwa ya kioo peke yake, kama kawaida. Mwaka 2012 Rachna Patil wa kampuni hiyo aliigawa vipande vitatu: kimoja cha kioo, kimoja cha kigeuzi cha kawaida, na cha tatu, mzazi wao, kinachoangalia hatua zipi ni za nani. Ukisoma msimbo unaona bado ni ndoa yenye mivutano, kwa sababu hatua 16 ni zilezile na kioo hakitaki kungoja. Ni foleni ya Ben Dooks tena, safari hii imejengwa kwenye silikoni.

Lakini kituko ninachokipenda kuliko vyote ni cha Allwinner. Hii ni kampuni ya China ambayo chipu yake ya A10 ilijaa kwenye tableti za bei rahisi kuanzia mwaka 2012 hivi. Wahandisi wake waliweka kihisi cha joto cha chipu nzima ndani ya kidhibiti cha kioo cha kugusa! Ukitaka kujua kama kichakato kinaungua, unamwuliza kioo. Hata tableti ambayo haitumii kioo cha aina ile, joto lake linakaa humohumo. Hans de Goede, mtunzi wa draiva yake iliyoingia Linux mwaka 2014, hakuwa na la kufanya ila kuandika draiva ya kioo ambayo pia inatangaza joto kwa hwmon. Ndani yake aliacha maelezo kwamba kidhibiti kinaweza kutambua kidole cha pili, ila kidole cha pili kikigusa usahihi unaharibika kiasi kwamba mahali kinapoonyesha hapafai kutumika. Ukweli kama huo huwezi kuukuta kwenye boksi la bidhaa. Baadaye Quentin Schulz, naye wa Free Electrons, akaiandikia upya kwa njia ya IIO ili kigeuzi kile kiwe kigeuzi na joto liwe joto.

Kwenye tableti hizohizo vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti mara nyingi vilikuwa vimeungwa kwenye pini moja ya kigeuzi kidogo kingine. Kila kitufe kina rizista yake, ukibonyeza volti inashuka kwa kiasi fulani, na draiva inakisia ni kitufe gani kutokana na volti. Njia rahisi ya kuokoa pini, senti mbili hapa, senti mbili pale. Ndiyo maana nasema kigeuzi kimeingia kila mahali bila mtu kukitaja.

Wapo watakaosema: yote haya yanatuhusu nini sisi tusiotengeneza chipu? Yanatuhusu kwa sababu sisi ndio tunaotumia vifaa vilivyozeeka. Kifaa ambacho draiva ya kigeuzi chake ilibaki kwenye kiini cha siri cha kampuni, hakikupelekwa Linux ya wote, kinakufa na kiini kile. Kampuni ikiacha kutoa toleo jipya, huwezi kupandisha mfumo bila kupoteza kipimo cha betri. Kila fundi wa simu hapa mjini ameshaona simu nzima kabisa ambayo mfumo wake hauwezi kusogezwa mbele, na mteja anaambiwa anunue nyingine. Si mara zote kosa ni la kigeuzi. Lakini ni la namna ileile: mtu mmoja alishika ufunguo wa bomba akaondoka nao.

Mwaka 2012, upande wa ndani wa IIO ulikuwa umeshapata njia ya draiva nyingine kuomba njia ya kigeuzi kwa jina, bila kujua chipu ni ya nani. Zikafuata draiva zinazoweza kukaa juu ya kigeuzi chochote: ya betri, ya hwmon, na mwaka 2016 ya vile vitufe vyenye rizista. Kioo ndicho kilichochelewa kuliko wote, jambo ambalo halishangazi kwa mtu aliyezoea kuwa mwenye nyumba. Mwaka 2018 Eugen Hristev wa Microchip, kampuni iliyoinunua Atmel mwaka 2016, aliandika draiva ya kioo isiyojua rejista hata moja. Inaitwa resistive-adc-touch. Inaomba njia zake kwa IIO kama mteja mwingine yeyote, inapokea namba, inakokotoa kidole kiko wapi. Aliyekuwa akimiliki nyumba nzima sasa analipa kodi ya chumba.

Ajabu ni kwamba wakati huo vioo vya aina ile vilikuwa vimeshatoweka kwenye simu. Vimebaki kwenye mashine za viwandani, za mahospitali, za mahali ambapo watu wanavaa glavu.

S3C2410 na ndugu zake waliondolewa kwenye Linux na toleo 6.3, Aprili 2023, katika usafi mkubwa wa chipu za ARM zilizokosa watumiaji. Jonathan Cameron bado ndiye mtunzaji wa IIO. Matoleo ya zamani ya kiini bado yanapakuliwa bure, na anayetaka anaweza kufungua saraka ya plat-s3c24xx katika toleo 2.6.30, faili liitwalo adc.c, akasoma yale maelezo ya mwanzo: kioo kwanza, wengine kwa jinsi walivyofika.